JICHO LA PILI: HISTORIA YA UKAGUZI WA KAZI MIONGONI MWA WAJENZI WA PROGRAMU HURIA

(Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima. Limepigwa chapa kama lilivyosomwa, ili wanafunzi walirudie darasani.)

Natumaini nyote mmekwisha keti, na kwamba kiongozi wa kila kikundi ameiweka redio mahali ambapo hata aliye nyuma anasikia. Mwenye daftari na alifungue. Ninyi ambao bado mnasoma polepole, msiwe na wasiwasi. Somo hili mtalipata limepigwa chapa, nanyi mtalirudia neno kwa neno.

Leo tunasoma historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya kazi, tena kazi ambayo matunda yake wengi wenu mnayo mfukoni sasa hivi. Nasema juu ya simu ya mkononi.

Simu nyingi zinazotumika hapa kwetu ni za namna iitwayo Android. Ndani yake mna maagizo mengi sana yaliyoandikwa na watu. Maagizo hayo huitwa programu. Sehemu ya ndani kabisa ya programu hizo, ile inayoongoza betri, kioo, sauti na mawasiliano, huitwa kiini. Kiini cha simu za Android ni programu iitwayo Linux. Kwa hiyo ukimtumia mama yako fedha kwa simu ya namna hiyo, Linux inafanya kazi chini kwa chini, ingawa huioni.

Sasa fikirini. Ikiwa aliyeandika maagizo hayo alikosea, ni nani atakayeliona kosa lake kabla halijamfikia mama yako? Hilo ndilo swali la somo la leo.

Kwanza tuelewe programu ni kitu gani. Ni orodha ya maagizo, kama unavyomwandikia mtoto karatasi ya kwenda dukani: nunua sukari nusu kilo, toa fedha, hesabu chenji, rudi nyumbani. Mtoto mwenye akili akiona umesahau neno moja, atakisia. Kompyuta haikisii. Ukisahau kuiambia ihesabu chenji, haitahesabu chenji mpaka kiama. Maandishi ya maagizo hayo huitwa msimbo, nayo yana mistari elfu na maelfu. Mtu akiisha kuyaandika, macho yake huyazoea, na kosa lililo mbele yake halioni tena. Wazee wetu walisema, nyani haoni kundule. Ndiyo sababu ya kutafuta jicho la pili.

Wazo hili si la jana. Mwaka 1976 bwana mmoja wa kampuni ya IBM ya Marekani, Michael Fagan, aliandika utaratibu wa kukagua msimbo. Watu kama wanne huketi mezani, mmoja akiwa kiongozi wa kikao, nao huusoma msimbo mstari kwa mstari wakitafuta makosa. Alishauri kikao kisizidi saa 2, maana mtu aliyechoka hatazami, hukodoa macho tu. Tena alionya kwamba wakubwa wasiyatumie makosa yaliyoonekana kumpimia mfanyakazi cheo chake. Alijua kwamba mtu akiogopa kuadhibiwa, ataficha. Shikeni neno hilo, tutalirudia.

Lakini ukaguzi wa Fagan ulikuwa ndani ya kampuni, milango imefungwa. Kampuni nyingi ziliuza programu bila kumwonyesha mnunuzi msimbo wake. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza kazi ya kutengeneza programu ambazo kila mtu angekuwa na haki ya kuzisoma, kuzirekebisha na kumgawia jirani. Programu za namna hiyo twaziita programu huria.

Sasa twende Finland, nchi ya baridi kali kaskazini ya Ulaya. Tarehe 25 Agosti 1991 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Linus Torvalds, umri wake miaka 21, aliwaandikia watu wengine kwa njia ya kompyuta kwamba anatengeneza kiini cha programu kwa kujifurahisha tu, akawaomba maoni. Mwezi uliofuata alikitoa hadharani kwa mara ya kwanza. Kilikuwa na mistari kama 10,000. Leo kiini hicho kina mistari zaidi ya milioni 30. Mtu mmoja hawezi kuandika yote hayo, wala hawezi kuyasoma yote.

Basi watu wa nchi nyingine walianza kumletea Torvalds marekebisho. Rekebisho moja huitwa kiraka, na jina hilo linafaa, maana kazi yake ni kama ya kiraka katika nguo: kuziba palipotoboka, au kuongeza mahali palipopungua. Hapo mwanzo Torvalds alivisoma viraka hivyo mwenyewe. Kilichompendeza alikishona, kisichompendeza alikitupa.

Mambo yalipokua, njia hiyo ilishindwa. Kufika mwaka 1998 wajenzi walinung'unika kwamba viraka vyao vinapotea, wanavituma mara mbili na mara tatu bila jibu. Mtu mmoja alikuwa amekuwa mlango mwembamba wa nyumba kubwa. Basi utaratibu ulitengenezwa polepole, nami nitawaeleza ulivyo leo, ili mwone jinsi kiraka kinavyosafiri.

Kiini kimegawanywa katika mafungu, na kila fungu lina msimamizi wake. Mwandishi wa kiraka hukituma kwa barua pepe kwa msimamizi wa fungu, tena mahali pa wazi ambapo mtu ye yote duniani aweza kukisoma. Ndipo maswali huanza. Kwa nini umeandika hivi? Je, umejaribu katika mashine ya zamani? Mbona mstari huu hauangalii kama kumbukumbu imejaa? Mwandishi hujibu, hurekebisha, hutuma tena. Viraka vingine hurudishwa mara nyingi kabla ya kukubaliwa. Kikiisha kukubaliwa, msimamizi hukipeleka juu, mpaka kifike kwa Torvalds.

Mwaka 2003 kampuni iitwayo SCO iliishtaki IBM, ikidai kwamba msimbo wake umeingizwa katika Linux bila haki. Kesi hiyo iliwafundisha wajenzi kuweka kumbukumbu. Tangu mwaka 2004 kila mtu anayekipitisha kiraka huandika mstari wenye jina lake, kuthibitisha kwamba ana haki ya kukitoa. Baadaye uliongezwa mstari mwingine wa mtu anayesema: mimi nimekikagua kiraka hiki. Angalieni tofauti. Kupitisha ni jambo moja, kukagua ni jambo jingine. Karani aweza kupiga muhuri barua asiyoisoma.

Mwaka 2005 chombo walichotumia kuweka msimbo wao kiliondolewa, kwa kuwa mwenyewe alikataa wasiendelee kukitumia bure. Katika siku chache za Aprili Torvalds aliandika chombo kipya, Git. Ni kama daftari kubwa la kumbukumbu: laonyesha ni nani alibadili mstari gani, siku gani, na kwa sababu gani. Leo Git yatumika duniani kote, na wengi wanaoitumia hawana habari na Linux.

Siku hizi toleo jipya la Linux hutoka kila baada ya majuma 9 au 10, na kwa kawaida huwa na viraka zaidi ya 10,000 vya watu zaidi ya 1,500. Watu hao wengi hawajaonana uso kwa uso. Kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.

Kazi hii iliposifiwa, palitokea usemi. Mwaka 1997 Mmarekani Eric Raymond aliandika insha yenye sifa sana, akatoa hoja kwamba macho yakiwa mengi, hakuna kosa litakalofichika kwa muda mrefu. Watu waliipenda hoja hiyo. Lakini sisi wanafunzi wa historia hatuna budi kuuliza: je, macho hayo kweli yalitazama?

Jibu lilikuja tarehe 7 Aprili 2014.

Iko programu huria iitwayo OpenSSL. Kazi yake ni kufunga mazungumzo ya kompyuta kwa siri, ili neno lako la siri lisisomwe njiani. Benki, serikali na maduka ya nchi nyingi waliitumia. Kompyuta mbili zinazozungumza huulizana mara kwa mara: ungalipo? Anayeuliza hutuma neno na kutaja urefu wake, na mwenzake hulirudisha neno lile lile. Aliyeandika sehemu hiyo alisahau jambo moja dogo. Hakuiambia kompyuta ihakikishe kwamba neno lina urefu ule uliotajwa.

Nitawapa mfano. Mtu anakuja ghalani na kibaba kimoja cha mchele, lakini katika daftari anaandikisha gunia. Mwenye ghala hapimi. Siku ya kuchukua, yule mtu anapewa gunia zima. Hicho kilichozidi kimetoka wapi? Kimetoka katika mali ya watu wengine. Ndivyo ilivyokuwa. Mwenye nia mbaya alituma herufi chache, akasema ni nyingi, na kompyuta ikamrudishia herufi zipatazo 64,000 kwa mara moja kutoka katika kumbukumbu yake, pamoja na siri za watu zilizokuwamo. Kosa hilo lilipewa jina la Heartbleed. Katika nchi ya Canada namba za utambulisho za watu kama 900 ziliibwa kutoka idara ya kodi.

Je, kiraka hicho hakikukaguliwa? Kilikaguliwa. Mtu wa pili alikisoma, asilione kosa, nacho kikaingizwa tarehe 31 Desemba 2011, usiku wa kuamkia mwaka mpya. Kuanzia Machi 2012 kilienea duniani, na kwa muda wa miaka 2 msimbo ule ulikuwa wazi, kila mtu ana ruhusa ya kuusoma. Ruhusa ilikuwapo. Wasomaji hawakuwapo. Ilipochunguzwa, ilionekana kwamba programu hiyo iliyobeba siri za mabilioni ya fedha ilikuwa na mfanyakazi mmoja tu wa siku nzima, na michango iliyoletewa na watu ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Mwezi ule ule makampuni makubwa yaliahidi fedha za kuwasaidia watunzaji wa programu za namna hiyo. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa ukuta ulijengwa baada ya nyumba kuibiwa.

Jambo la pili ni juu ya ulimi. Ukaguzi ni kumwambia mwenzako amekosea, tena mbele za watu. Katika kazi ya Linux kwa miaka mingi maneno yalikuwa makali, na Torvalds mwenyewe alijulikana kwa matusi. Wengine walimtetea wakisema kwamba msimbo hauna huruma, na mkaguzi asiwe nayo. Lakini mwaka 2015 mmoja wa wajenzi waliojulikana alitangaza kwamba ameiacha kazi ya kiini kwa sababu ya lugha isiyo na heshima. Tarehe 16 Septemba 2018 Torvalds aliandika barua kwa wote, akaomba radhi kwa ukali wake, akasema atapumzika kidogo na kutafuta msaada wa kuelewa mioyo ya watu. Siku hizo hizo wajenzi walikubali kanuni mpya za mwenendo. Naye akarudi kazini mwezi wa Oktoba.

Niruhusuni hapa niwaambie jambo lililonipata mimi. Miaka michache iliyopita niliandika kijitabu cha hesabu kwa ajili ya darasa moja la watu wazima. Tukapiga chapa nakala 300. Ukurasa wa 9 ulisema kwamba 7 mara 8 ni 54. Mwanafunzi mmoja, mkulima, ndiye aliyeliona, baada ya nakala zote kugawiwa. Nikamwuliza yule mama aliyekuwa akinichapia, mtu wa umri wa mama yangu, kama hakuliona. Akaniambia, "Mwanangu, nililiona. Lakini juma lile nilipokuambia juu ya herufi iliyopungua, ulinijibu kwamba kazi yangu ni kuchapa. Nikasema, haya, nichape." Nilinyamaza, maana sikuwa na jibu. Jicho la pili lilikuwapo chumbani mle mle, nami ndiye niliyelifumba.

Sasa tufike kwenye tukio la mwisho, ambalo ni la hila.

Iko programu huria ndogo iitwayo xz, ya kubana mafaili ili yachukue nafasi kidogo. Ilitunzwa na mtu mmoja, kwa kujitolea, na kwa miaka mingi. Mwaka 2021 alitokea mtu aliyejiita Jia Tan, akaanza kuleta viraka vizuri. Mwaka 2022 watu wengine walimwandikia mtunzaji kwa maneno ya kumsukuma, kwamba anachelewa na kwamba amkabidhi mtu mwingine kazi. Yule mtunzaji alikuwa amechoka, akaeleza waziwazi kwamba hana nguvu kama zamani. Mwishowe Jia Tan akapewa haki ya kupitisha kazi pamoja naye.

Mapema mwaka 2024 Jia Tan alitia ndani ya xz mlango wa siri, ambao ungemwezesha aliye na ufunguo kuingia katika kompyuta za watu. Hakuuweka mahali pa wazi. Sehemu yake aliificha katika mafaili ya majaribio ambayo jicho la mtu haliwezi kuyasoma, na kipande cha kuuamsha alikitia katika furushi la kugawia tu. Katika daftari la wazi, ambalo wakaguzi husoma, kipande hicho hakikuwamo. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ni nani aliyeugundua? Ni mhandisi mmoja, Andres Freund, aliyekuwa akipima kasi ya programu nyingine kabisa. Aliona kwamba kuingia katika kompyuta yake kunachelewa kwa nusu sekunde. Nusu sekunde, ndugu zangu, ni kama kupepesa jicho. Mwingine angesema, ah, ni kitu kidogo. Yeye akafuata, hatua kwa hatua, mpaka akaufikia ule mlango. Tarehe 29 Machi 2024 akawatangazia wote. Toleo lile lilikuwa limeingia hasa katika matoleo ya majaribio, kama yale ya Debian na Fedora, likaondolewa kabla halijaenea katika kompyuta za kazi duniani.

Historia hii yatufundisha nini? Yatufundisha kwamba mlango kuwa wazi si sawa na nyumba kufagiliwa. Kuonyesha msimbo kwa watu wote ni jambo jema, na lisingekuwapo, Freund asingeweza kufuata nyayo za mwizi mpaka mwisho. Lakini uwazi ni ruhusa tu. Lazima awepo mtu anayeitumia ruhusa hiyo: mwenye kuketi, kusoma na kuuliza. Na mtu huyo hawezi kufanya kazi yake akiwa amechoka, au akiachwa peke yake, au akiogopa kutukanwa.

Nanyi wasikilizaji msiseme kwamba mambo haya ni ya watu wa kompyuta tu. Wengi wenu ni wanachama wa vyama vya kuweka na kukopa. Kila mwanachama ana haki ya kuliona daftari la hesabu. Nawauliza: mwaka huu, ni nani katika chama chenu amelifungua akalisoma? Na aliyeuliza swali mkutanoni, je, alijibiwa kwa adabu, au aliambiwa akae chini? Leo mmejua kusoma na kuhesabu. Kazi ya kwanza ya elimu hiyo na iwe kulifungua daftari hilo.

Juma lijalo, saa hii hii, tutaendelea na historia ya kazi. Kwaherini.

MANENO YA KUJIFUNZA

Programu: orodha ya maagizo ambayo kompyuta au simu hufuata.
Msimbo: maandishi ya maagizo hayo.
Programu huria: programu ambayo kila mtu ana haki ya kuisoma, kuirekebisha na kuigawa.
Kiraka: rekebisho moja la msimbo.
Kukagua: kutazama kwa makini ili kuona kama pana kosa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini Michael Fagan hakutaka wakubwa wayatumie makosa yaliyoonekana kumpimia mtu cheo?
2. Eleza kwa maneno yako mwenyewe safari ya kiraka cha Linux, tangu kwa mwandishi mpaka kwa Torvalds.
3. Kupitisha na kukagua kuna tofauti gani? Toa mfano kutoka kazi yako.
4. Kosa la Heartbleed lilikuwa wazi kwa miaka 2. Kwa nini halikuonekana?
5. Je, umewahi kuliona kosa la mkubwa wako ukanyamaza? Mwambie jirani yako sababu.
6. Andika mistari mitano: "Siku nitakayoliomba daftari la chama chetu, nitatazama mambo haya."